Tamaa sikati: jibu kwa binti anayeanza mwaka wa onasi

"Shikamoo Mwalimu. Nipo Melbourne, kwetu Tanga. Mwaka jana nilimaliza shahada ya miaka 3 ya sanaa za studio, sasa nimekubaliwa mwaka wa onasi. Ninasuka ukili wa mikeka, ila badala ya mkindu natumia kanga kuukuu. Msimamizi wangu anataka swali la utafiti na maandishi ya maneno 8,000, pamoja na maonyesho ya mwisho. Mimi ni mtu wa mikono, si wa kalamu. Usiku nafanya zamu kwenye nyumba ya wazee. Baba anaamini nimefeli na ninaficha, maana shahada nilishapata, narudi darasani kutafuta nini? Nataka pia kumrekodi bibi akisuka. Mwaka huu una faida gani, na nitaumalizaje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mzee, kwa sababu simu za nyumbani zikiwa na lawama, hata studio hakukaliki.

Shida yake ni ya lugha kabla haijawa ya elimu. Onasi ni "honours" ya Kiingereza, na ukimwambia unasomea "shahada ya heshima" anaelewa ile wanayovishwa marais bila kukaa darasani hata siku moja. Ami yangu aliposikia naisomea, aliuliza nimewafanyia nini Waaustralia hata wakaniona. Ndiyo maana wengi wetu tunasema "onasi" tu, tunapita. Halafu kwetu, kama Uingereza tulikorithi mfumo, onasi imo ndani ya shahada yenyewe: ni daraja unalotoka nalo ukifaulu vizuri. Australia, New Zealand na Afrika Kusini ni mwaka mzima peke yake, unaokuja baada ya ile miaka 3, na kuuingia ni kwa kuchujwa. Mwambie mzee kwa namba: katika ngazi za sifa za Australia shahada ya kawaida ni ngazi ya 7, onasi ya 8, uzamili ya 9, uzamivu ya 10. Aliyefeli hapandishwi ngazi.

Faida yake nitakuambia bila kupaka sukari. Ukitoka na daraja la kwanza, ambalo vyuo vingi vya huko huanzia alama 80, unaweza kuomba uzamivu moja kwa moja bila kupitia uzamili, na kushindania ufadhili wa utafiti wa serikali yao ambao hata mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kuuomba. Huo ndio mlango mkubwa. Lakini ukipanga kurudi kufundisha chuo kikuu Tanzania, usidhani karatasi hii pekee itakubeba. TCU, tume ya vyuo vikuu, watatathmini vyeti vyako, na hata uhadhiri msaidizi kwetu unadai uzamili. Kwa hiyo kama unachotaka ni cheo cha kuandika kwenye barua, hifadhi ada yako. Kama unataka mwaka mmoja wa kukaa na kazi moja, una ukuta wako, una msimamizi, na kuna watu wanaolipwa kukuuliza "kwa nini?", basi sijui mahali pengine unapoweza kuupata huo mwaka. Ukimaliza chuo, hilo swali hakuna atakayekuuliza tena. Watakuuliza bei.

Sasa tuingie kazini. Umeniambia unataka kufanya kazi kuhusu "utambulisho na kumbukumbu za watu walio mbali na kwao". Hilo si swali, ni bahari. Nimekaa kwenye meza ya watahini mara kadhaa, na kila mwaka yupo mmoja aliyekuja na utambulisho na kumbukumbu. Kazi zake huwa nzuri, maandishi yake huwa ukungu, na alama zake zinaishia katikati. Swali la mwaka wa onasi linapaswa kuwa dogo kiasi kwamba ukiingia studio asubuhi, mikono inajua pa kuanzia.

Na wewe unalo, ila umelikalia. Katika picha ulizonitumia kuna kipande kimoja ambacho herufi za kanga zinaonekana kwa kuibiaibia katikati ya msuko. Kanga, kama unavyojua kuliko mimi, ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yake. Bila jina watu wa pwani wanaona kuna kitu kimepungua. Wewe unaichana kanga na kuisuka ukili. Basi lile jina linakwenda wapi?

Hilo ni swali la utafiti. Linajibiwa kwa mkasi.

Chukua ile uliyopiga picha, yenye JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ichane kufuata urefu wa maandishi, utepe wa sentimita 1. Utapata vichwa vya herufi kwenye utepe mmoja na miguu yake kwenye mwingine, na hakuna atakayesoma chochote. Itabaki mistari na vinundu vyeusi. Kipande cha pili kichane kwa kukatisha maandishi, upana uleule. Kila utepe unatoka na herufi moja, au nusu ya herufi na nusu ya nyingine, na ukisuka, zile ambazo hazikuwa jirani zinalala pamoja. Sasa panua utepe ufike sentimita 4. Silabi zinaanza kurudi: PA, TI, TAMA. Kuna upana fulani kati ya 1 na 4 ambapo Mswahili anaanza kusoma na Mwaustralia bado anaona pambo tu. Utafute upana huo. Ukiupata umeshapata sura ya katikati ya maandishi yako, na pengine kazi yako kubwa ya ukutani. Usisahau pia kwamba umeshika mkasi juu ya nguo inayosema "sikati". Hilo sitaki ulieleze sana kwenye maandishi. Liweke tu mahali mtu atakapolikuta mwenyewe.

Jaribu pia kuchana kwa mkono badala ya mkasi. Pamba ikichanwa kwa mkono inafuata uzi, utepe unanyooka lakini kingo zinatoa manyuzi, na manyuzi yanakula herufi. Mkasi unaacha kingo safi na herufi nzima. Tayari hapo una mbinu mbili zinazotoa majibu mawili tofauti. Halafu kuna ugumu ambao naona umeanza kukusumbua: utepe wa kanga hauna uti. Mkindu ukiloweshwa unakunjika, ukikauka unashika mkunjo wake. Kitambaa kinalegea na ukili unasinyaa kama kamba ya viatu. Usilifiche hilo. Jaribu kukitia wanga wa muhogo kabla ya kusuka, jaribu kusuka kitambaa na mkindu kwa zamu, jaribu kuacha kilegee, na uandike kila kimoja kilifanya nini. Mtahini anayesoma kwamba ulishindwa mara 3 na mara ya 4 ukaelewa kwa nini bibi yako huloweka mkindu kwanza, huyo ameshakuamini.

Ndiyo, nimesema "uandike". Tusikwepe kalamu.

Yale maneno 8,000, ambayo wengine wanayaita eksejesisi, si insha ya historia ya sanaa iliyobandikwa pembeni ya maonyesho. Ni mfanyaji anaeleza alitaka kujua nini, alifanya nini, kikatokea nini, na nani wengine wamewahi kulishughulikia jambo lile. Mtu wa mikono anaweza kuyaandika, ila hawezi kuyaandika mwishoni. Mimi, mchonga chapa za mbao, niliyaacha mpaka wiki 3 za mwisho. Mwezi Mei nilikuwa nimehama kutoka mbao za msonobari kwenda plaiwudi, na chapa zangu zote zilibadilika sura, lakini ilipofika Oktoba sikukumbuka kwa nini nilihama. Nikatunga sababu. Mtahini mmoja aliinusa, akaniuliza mbele ya kazi zangu mwenyewe, nikapayuka.

Kwa hiyo nunua daftari la bei rahisi, lisilo zuri, maana zuri utaliogopa. Kila siku ya studio andika tarehe, upana wa utepe, umesuka urefu gani, na sentensi 3 za kilichokushangaza au kukuudhi. Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja. Kila Ijumaa geuza yale ya wiki yawe maneno 250 ya Kiingereza. Hata ukiruka wiki kadhaa, kufikia Septemba utakuwa na maneno zaidi ya 5,000 ambayo hukuyatunga, na kazi iliyobaki ni kupanga. Piga picha kila kipande, hasa vilivyoharibika, kabla hujavifumua.

Kuhusu wasanii wengine wa kuwataja, wachache wanatosha. Usiwapange kama majina kwenye kadi ya mchango wa harusi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Turner Prize, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, amechora kazi zinazochukua umbo la kanga pamoja na maneno yake. Yeye anaiacha kanga izungumze, wewe unaikata ulimi, na tofauti hiyo inastahili kurasa mbili. El Anatsui anaunganisha vizibo vya chupa kwa waya mpaka vinaanguka ukutani kama nguo, na mara nyingi anawaachia wanaotundika waamue mikunjo. Soma kuhusu hilo kabla hujaamua utatundika vipi. Halafu, na hili nakuomba usilikwepe, uko kwenye nchi ya watu waliosuka kabla hujafika. Yvonne Koolmatrie, msusi wa Wangarrindjeri, wenyeji wa asili wa Australia, anafanya kazi kwa nyasi za mtoni, na mwaka 1997 kazi zake zilikwenda Venice Biennale, maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia, kuiwakilisha Australia pamoja na za Emily Kame Kngwarreye na Judy Watson. Kumtaja si kumwiga. Lakini mtu anayesuka Melbourne akaandika maneno 8,000 juu ya msuko bila kuona nani anasuka nchi ile, mtahini wa huko atalihesabu kama upofu, na mimi ningelihesabu hivyohivyo.

Bibi sasa. Usimrekodi bado.

Najua inaonekana kichekesho kuomba ruhusa ya chuo ili umsikilize bibi yako mzaa mama. Ila sauti, picha au maneno ya mtu mwingine yakiingia kwenye utafiti, chuo cha Australia kinataka kibali cha maadili ya utafiti, na bibi naye ni mtu. Kibali kinachukua wiki kadhaa, pengine zaidi wakikurudishia fomu, na ulichorekodi kabla ya kibali hakikubaliki hata kingekuwa kizuri vipi. Mwulize msimamizi wiki ya kwanza kabisa. Huenda akakuambia kujifunza kusuka kutoka kwa bibi, bila kumrekodi wala kumnukuu, hakuhitaji fomu. Huenda akataka ujaze. Asikie mapema, si Agosti. Karatasi ya ridhaa itafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani na umsomee. Bibi yangu mimi angeuliza kwanza kama jina lake litaandikwa kubwa.

Na kama unapanga kwenda Tanga likizo ya Julai urudi na mkindu, uandae uwe mkavu, hauna mbegu, hauna mdudu, na uutaje kwenye fomu ya kuingilia nchi. Watu wa uwanja wa ndege wa Australia hawana mzaha na mimea. Ukiutaja watakagua, wakiridhika utapita nao, wasiporidhika watautibu kwa gharama yako au watauteketeza. Usipoutaja ni faini, na ukiwa na viza mambo yanaweza kwenda mbali zaidi ya faini. Kwa hiyo mradi wako usiegemee mkindu wa begi. Kanga hazina shida hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wenye bidii ndio huumia nalo zaidi, na nakuona wewe ni wa aina hiyo. Oktoba ya mwaka wangu ilinikuta na chapa 41. Nilizitundika zote, ukuta mzima, nikajiona tajiri. Msimamizi wangu, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alikuja na ule utepe wa gundi wa bluu wanaotumia wapaka rangi za nyumba. Akatembea polepole, akachana kipande kwa meno, akabandika chini ya chapa. Akaruka nne. Akabandika tena. Hakusema kitu mpaka alipofika pembeni. Nilihesabu vipande: 7. Nikamuuliza hizi 34 nazipeleka wapi. Akasema, "Zipige picha, zitie kwenye kiambatisho," akaenda kunywa chai. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilizishusha, na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nafanya mwaka mzima. Chapa niliyotamani sana ibaki haikuwemo kati ya zile 7, na mpaka leo nadhani alikosea kwenye hiyo moja.

Watahini, ambao kwa kawaida ni wawili, mara nyingi wanasoma maandishi yako kwanza, ndipo wanaingia chumbani. Wanaingia wakiwa na swali lako kichwani. Kila kipande kisichohusika na swali kinawapotezea njia. Kwako wewe naona kazi 3, au 4 zisizidi.

Kutundika kwenyewe tutazungumza ukifika, ila amua mapema kitu kimoja: ukili wako utakaa ukutani au sakafuni? Picha hutundikwa kitovu chake kikiwa kama sentimita 150 kutoka chini, lakini hiyo ni kanuni ya picha. Mkeka sakafuni unamlazimisha mtu aamue avue viatu, azunguke au akanyage, na maamuzi hayo ni sehemu ya kazi, kwa hiyo usiyaache yatokee kwa bahati mbaya. Ukutani, uliza ukuta ni wa nini. Kuta nyingi za maonyesho ni jasi nyembamba, na ukili wa mita nyingi uliotiwa wanga ni mzito kuliko unavyodhani. Upime kwenye mizani ya jikoni. Tundika jaribio mwezi Agosti, liache usiku kucha, uone limeshuka kiasi gani asubuhi.

Uzito wa alama kati ya studio na maandishi uutafute kwenye mwongozo wa chuo chako, kila chuo na wake, na usimwamini mwenzako wa mwaka jana. Baada ya kila kikao na msimamizi mwandikie barua pepe fupi: tumekubaliana hivi na hivi. Wasimamizi wana wanafunzi wengi na husahau, na wengine husahau kwa manufaa yao.

Zamu za usiku. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, tangu Julai 2023 kikomo ni saa 48 kwa kila wiki mbili muhula ukiwa unaendelea, lakini kwa mwaka huu nakushauri usifike huko kama kodi ya nyumba inaruhusu. Kusuka ukiwa na usingizi inawezekana, nimeona akina mama wakisuka wakisinzia na mkono hautoki nje ya mstari. Kuandika ukiwa na usingizi haiwezekani. Weka zamu zako zifuatane, halafu ubaki na siku 3 mfululizo za studio, badala ya kukatakata wiki nzima vipande. Ukiugua au kukipata msiba nyumbani, omba kuongezewa muda siku ileile, na karatasi ya ushahidi. Sisi Waswahili tuna tabia ya kuvumilia kwanza na kuomba baadaye, na chuo hakina fomu ya uvumilivu.

Muhula unaanza mwisho wa Februari au Machi, kwa hiyo unazo wiki chache. Usizitumie kusoma. Nenda kwa kina mama wa Kiswahili hapo Melbourne, hawakosekani, ukaombe kanga zao walizochoka nazo, na kila moja uandike ilitoka kwa nani na ilinunuliwa wapi, kama mwenyewe yuko tayari kusema. Za kuokota hazitoshi, kwa sababu nyingi zimebaki upande mmoja, na wewe unahitaji hata moja ambayo bado ni doti kamili. Hiyo ukiipata, chana kanga moja. Ya pili usiiguse, ikunje, iweke kabatini mpaka siku ya kutundika.